Mtani Alimchukua Mbwa, Nami Sikumfuata

Nianze na kosa lenyewe, maana nikianza na sababu nitajitetea mpaka mchoke kunisoma. Nilipewa mbwa mzee nimtunze kwa muda. Nikamtupa. Sikumtupa jalalani, la. Nilimtupa watu wakicheka na kupiga vigelegele, na mila yetu ikanisaidia kumbeba. Kisha nikatangaza kwamba amekufa. Na alikuwa hai, jamani! Alikuwa hai anakula ugali wa watu huko juu Newala!

Mimi ni mwanamke wa Chiungutwa, wilaya ya Masasi. Jina langu liacheni, niiteni Mama Anjela inatosha. Majina ya watu nimeyabadilisha yote. La mbwa nimeliacha kama lilivyokuwa, kwa sababu yeye hakukosea chochote mpaka afichwe.

Aliitwa Mgeni.

Alikuja huku na mnunuzi mmoja wa kangomba, wale wanaonunua korosho za watu kwa kificho, kwa bakuli zao wenyewe. Mnunuzi alipanga nyumba karibu na barabara, akamfunga mbwa mnyororo mlangoni alinde magunia. Msimu ulipokwisha, bwana yule akaondoka bila kuaga mtu. Magunia alikumbuka. Mbwa alimwacha palepale na mnyororo wake shingoni.

Watu wakawa wanapita. Wengine wanamsogezea maji kwa fimbo, wengine wanasema tu maskini wa Mungu, wanakwenda zao. Hata mimi nilipita. Nilisema maskini wa Mungu, nikaenda zangu.

Aliyemfungua ni Esta, binti wa mifugo wa kata yetu, yule anayezunguka na pikipiki akichanja mbwa wasipate kichaa. Alikata mnyororo, akatibu kidonda cha shingo, kisha akamleta uani kwangu. Nilikuwa naanua nguo.

"Shikamoo, Mama Anjela."

"Marahaba, mwanangu. Na huyo naye?"

"Huyu ni babu, mama. Nakuomba ukae naye kidogo mpaka nimpatie mtu wa kudumu. Mtoto wa mbwa kila mtu anamtaka. Mzee hana mtu."

"Esta, mimi nina mgonjwa ndani."

"Najua, mama. Ndiyo maana nimekuja kwako. Wewe unajua kutunza."

Sifa ni mtego! Ningekuwa na akili ningekataa pale pale. Lakini nilikuwa sijasifiwa siku nyingi, nikasema haya, mfunge pale kwenye mkorosho, ila usikae muda mrefu kumtafutia mtu. Akasema hatakaa. Akaniacha na kifuko cha dawa ya minyoo, akaondoka.

Mgonjwa niliyemtaja alikuwa mama yangu mzazi. Miguu ilimwishia nguvu, na akili yake ikawa inakwenda na kurudi. Mume wangu alishatangulia mbele ya haki. Anjela kaolewa mbali. Ndugu zangu wako Mtwara na Dar, na msaada wao ulikuwa ushauri. Mgeuze ubavu. Mpe uji wa ulezi. Usimwache peke yake. Kwenye simu kila mtu ni muuguzi hodari!

Kwa hiyo nilikuwa namgeuza mama, namlisha, namwogesha, nafua kanga zake kila asubuhi, na shamba la korosho linanisubiri. Nilikuwa nachoka uchovu ambao hauishi kwa kulala. Anayeujua anaujua.

Na sasa mbwa. Kidevu cheupe, jicho moja lina ukungu, nyonga mbovu hata kuinuka aanze kwa miguu ya mbele, apumzike, ndipo amalizie ya nyuma. Alikuwa anakohoa kama mzee mvuta tumbaku. Siku nyingine anajikojolea alipolala. Nilisema moyoni, Mungu wangu, umeona mmoja hanitoshi?

Siku ya kwanza kumfungua kamba, hakwenda kunusa kuku wala kuchungulia jikoni. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa chumba cha mama, akajilaza kizingitini. Mama akamwona kutoka kitandani.

"Nani huyo?"

"Mbwa, mama. Ni mgeni tu, ataondoka."

"Karibu, Mgeni," mama akasema.

Likawa jina lake. Kila asubuhi mama anaita, "Mgeni! Mgeni wee!" kwa ile sauti yake ya kuvuta mwishoni, na yule mzee mwenzake anaanza kazi ya kuinuka. Anaingia, anaweka kidevu ukingoni mwa kitanda. Mama alimsemesha Kimakua, habari za wazazi wake, habari za shamba la zamani, mambo ambayo mimi hakunisimulia hata mara moja. Nikipeleka ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vyetu vya porini, nusu anakula yeye, nusu anashusha mkono pembeni ya kitanda akidhani sioni.

Naona aibu kusema, lakini nitasema: mama alimzoea mbwa kuliko mimi. Mimi nilikuwa mkono wa kugeuza na kuosha. Mbwa alikuwa wa kuzungumza naye.

Nilikuwa nikimtania Esta kila anapopita. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe! Huyu wako anataka jembe la saizi gani?" Esta anacheka, anasema, "Vumilia, mama, natafuta." Na kweli alikuwa anatafuta. Kosa halikuwa lake.

Mama alifariki mabibo yalipoanza kuanguka chini ya mikorosho. Alifariki mchana, kwa utulivu, nikiwa nimemshika mkono. Nililia, tena kwa sauti, majirani wakaja. Lakini kabla ya kulia kuna kitu kilitangulia, nacho ndicho kiini cha ungamo langu. Nitakisema nikifika mahali pake, msinikimbize.

Wasomaji wa mbali niwaeleze kidogo. Sisi ni Wamakua, na ukoo wetu una watani wake, ukoo mmoja wa Kimakonde wa Makote, huko Newala. Tangu enzi za babu zetu, wao wakifiwa sisi tunakwenda, sisi tukifiwa wao wanashuka. Mtani hana adabu msibani, na ndiyo kazi yake. Anamwigiza marehemu, anatukana wafiwa, anawachekesha kwa lazima. Na anaweza kuteka kitu chochote cha nyumba ile, sufuria, kiti, hata viatu vya mchungaji, akasema mkikitaka nifuateni mkikomboe. Hapo mwenye kitu anakimbia nyuma yake huku akimtukana, wanavutana, wanapatana kuku au kibuyu cha togwa, kitu kinarudi. Kumfuata ndiyo heshima yenyewe. Kumfuata ndiyo kusema, bado tuko pamoja.

Mtani wangu mkubwa ni Baba Shaibu. Mtu mzima kama mimi, swala tano, mwembamba, na ulimi wake hauna breki. Alishuka na wenzake kwa bajaji ya mizigo, akaanza kelele kabla hajakanyaga chini.

"Wamakua! Mmemuua mama yenu kwa kumlisha panya! Nilisema mimi!"

"Nyamaza, Mmakonde! Nenda kanawe uso! Au huko kwenu bado mnanawa kwa umande?"

Maana huko juu maji ni ya shida, nasi huwacheka nayo kila mwaka. Watu wakacheka. Nami nikacheka, machozi yakinitoka, na nilihisi kifua kinalegea. Mungu awabariki watani.

Siku ya kuanua matanga ndipo akafanya kubwa. Aliingia chumbani, akatoka amejifunga kanga ya mama, ile ya kahawia aliyoipenda, ameshika mkongojo wake. Akatembea vile vile alivyotembea mama kabla miguu haijaisha, amejipinda kiuno, mdomo mbele. Watu walikuwa hoi. Kisha akasimama katikati ya uwanja, akaita.

"Mgeni! Mgeni weee!"

Sauti ilikuwa ya mama kabisa. Shangazi yangu mmoja aliacha kucheka.

Na Mgeni, aliyekuwa amelala pale kizingitini tangu tumtoe mama, akainua kichwa. Akaanza kuinuka, miguu ya mbele, akapumzika, ya nyuma. Akaenda. Alipofika akainusa ile kanga, akaweka kidevu chake mkononi mwa Baba Shaibu.

Mtu wa swala tano na mate ya mbwa! Watu walianguka chini kwa kicheko. Baba Shaibu mwenyewe alishtuka, nilimwona, lakini mtani hakubali kushindwa. Akapaza sauti, "Nimemteka! Mateka huyu anakwenda Makote! Mkimtaka, mje na jogoo, tena jogoo aliyenona, asifanane na ninyi!"

Wakambeba mbwa wakampandisha nyuma ya bajaji, wakamfunika kanga ya mama. Dereva akawasha, akawa anakwenda polepole makusudi. Wote wakanigeukia. Zamu ilikuwa yangu. Nilitakiwa nikimbie nikipiga kelele, mwizi huyo, Mmakonde kaniibia babu yangu! Majogoo walikuwepo uani, wawili, wanatembea mbele ya macho yangu.

Nikasema, "Nendeni naye salama."

Hivyo tu. Kama mtu anayeaga wageni.

Kicheko kilikatika. Baba Shaibu alinitazama, mkongojo wa mama bado mkononi, kama mtu aliyerusha mpira akaona hakuna wa kuudaka. Kisha akacheka peke yake, akasema, "Haya, tutakusubiri!" Bajaji ikaondoka. Mgeni alikuwa amekaa nyuma, amenipa mgongo, na kanga ya mama inapepea.

Nilipumua.

Hicho ndicho kitu nilichosema kinakuja. Nilipumua pumzi ndefu, ya tumboni. Nami niliijua pumzi ile, kwa sababu haikuwa mara ya kwanza. Niliipumua mama alipokata roho, kabla sijapiga ukunga. Mama yangu mzazi, aliyenibeba, amekufa mkononi mwangu, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kupumua kama mtu aliyetua mzigo wa kuni! Sijawahi kumwambia mtu. Hata kwa mchungaji sikusema.

Sasa mnaelewa kwa nini sikumfuata mbwa. Kumrudisha yule mbwa kizingitini ilikuwa kama kumrudisha mama kitandani, na mimi narudi kwenye beseni na kanga za kufua. Sikutaka. Nilikuwa nimechoka. Nikajiambia mila imempeleka, si mimi.

Baba Shaibu alipiga simu. "Mama Anjela! Mateka wako anakula kunishinda mimi na mjomba wangu! Njoo umkomboe kabla hajaoa huku!"

"Nakuja kesho," nikasema, nacheka.

Kesho akapiga tena. Nikasema msimu umeanza, naokota korosho, nakuja wiki ijayo. Hiyo ilikuwa kweli, korosho zilikuwa zinaanguka na mikono yangu ni miwili. Lakini hata kweli mtu anaweza kuitumia kudanganya. Wiki iliyofuata simu ilipoita, nilikaa naitazama mpaka ikanyamaza. Halafu hakupiga tena.

Nikalala usingizi mzuri, nisiwadanganye. Nililala!

Ndipo akaja Esta, ambaye wakati wa msiba alikuwa safarini. Alikuja mbio na pikipiki yake, kofia hajavua, uso unang'aa.

"Mama Anjela, nimempata mtu!"

"Mtu gani?"

"Wa Mgeni! Muuguzi mstaafu, yuko Masasi mjini, anaishi peke yake, nyumba ina ukuta. Tena mwenyewe kasema anataka mzee. Anasema mtoto wa mbwa atamchosha, anataka wa kukaa naye barazani tu. Yuko wapi Babu?"

Wenzangu, pale palikuwa na mlango wazi kabisa. Ningesema, yuko Makote, watani walimteka, hebu twende tukamkomboe. Esta angecheka. Tungebeba jogoo, tungepanda mlima, na jioni Mgeni angelala barazani kwa muuguzi. Ni maneno machache tu!

Lakini ningesema hivyo, angeuliza mbona hukumfuata mpaka leo. Na swali hilo lilikuwa na jibu moja tu, nami jibu hilo sikutaka kulisikia likitoka kinywani mwangu.

Nikasema, "Amekufa."

Esta akakaa chini, juu ya gunia. Akavua kofia. "Lini, mama?"

"Baada tu ya msiba."

"Alikufaje? Alikuwa anatoka povu? Alimng'ata mtu?" Maana hiyo ndiyo kazi yake, lazima aulize.

"Hapana. Uzee tu. Alilala hakuamka."

"Mlimzika wapi?"

Ona uongo unavyoomba chakula! Nikanyoosha kidole kwenye mkorosho wa nyuma. Esta akaenda, akasimama pale, kwenye udongo ambao haukuwa na kitu chini yake isipokuwa mizizi. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akanishika mikono yote miwili.

"Pole sana, mama. Umefiwa mara mbili. Ahsante kwa kumtunza, najua ulimtunza vizuri."

Nikasema ahsante. Niliitikia! Mdomo huu huu.

Arobaini ya mama ilifika. Tulipika, mchungaji akaomba, jamaa walikuja, Esta naye akaja kusaidia kuosha vyombo. Watani walikuwa hawajafika. Moyoni nilikuwa naomba wasije, nikijua fika kwamba watani hawaachi kuja arobaini.

Wakaja. Tulianza kusikia kelele tangu barabarani. Baba Shaibu alikuwa mbele, na mkononi ana kamba, na mwisho wa kamba, taratibu, akichechemea, Mgeni.

Alikuwa ameoshwa. Shingoni wamemfunga kitambaa cha kanga ya mama, wamekikunja vizuri kama tai. Baba Shaibu alikuwa amejiandaa, anajua alichokuja kufanya. Akasimama katikati ya watu akatoa hotuba.

"Enyi Wamakua wabahili! Mateka wenu nimemlisha, nimemnywesha, mmekaa hapa mnakula mabibo! Nikasema hapana, hawa hawajanisahau, Mama Anjela ana akili, ananisubiri arobaini anitolee ng'ombe mbele za watu! Nimemleta! Ng'ombe yuko wapi?"

Hakuna aliyecheka. Akageuka huku na huku, tabasamu likiwa bado usoni, hajui kilichotokea.

Jirani yangu mmoja akasema kwa sauti, "Ala! Si tuliambiwa alikufa?"

"Alikufa nani?" Baba Shaibu akauliza. "Nani kasema?"

Esta alikuwa amesimama karibu na sufuria, mikono ina povu la sabuni. Hakupiga kelele. Angepiga ingekuwa afadhali.

"Mama Anjela alisema," akajibu. "Mama alinionyesha na kaburi."

Baba Shaibu akanitazama. Nilitaka anitukane. Nilimwomba kwa macho anitukane, aseme Mmakua muongo, mla panya, mzika mizizi, watu wacheke, yaishe. Ndiyo kazi ya mtani! Hakusema. Tabasamu lilitoka usoni kwake kidogo kidogo, mpaka nikamwona jinsi alivyozeeka.

"Samahani, mama," akasema kwa upole. "Mimi nilidhani ni utani. Sikujua kama ulikuwa humtaki."

Akainama, akamfungua Mgeni ile kamba, akaiweka juu ya kiti. Na Mgeni akapita kati ya miguu ya watu wote wale, akanipita na mimi, hakuninusa hata ukingo wa kanga. Akaenda mpaka kwenye mlango wa chumba cha mama. Ulikuwa umefungwa. Akajilaza kizingitini, kidevu chini, anausubiri ufunguliwe.

Shangazi yangu ndiye aliyelia. Mimi sikuweza.

Gharama yake niwaambie. Yule muuguzi wa mjini alikuwa keshapewa mtoto wa mbwa na jirani yake, na alimpokea kwa sababu aliambiwa mzee wake amekufa. Nafasi ya Mgeni ilikwenda. Esta aliniambia hayo akiwa juu ya pikipiki, hakushuka. Siku hizi ananiamkia vizuri, shikamoo yake haijapungua, lakini haingii uani. Ana paka wawili na mbwa mmoja wanaohitaji mtu wa kukaa nao, nimesikia kwa wengine. Kwangu hawaleti.

Kijijini kuku akipotea wanasema kamuulizeni Mama Anjela amezikwa wapi. Hilo nalibeba, ni haki yangu.

Mke wa Baba Shaibu alinieleza mengine, siku ileile, tukiwa jikoni. Hakunieleza kwa ubaya. Alisema Mgeni kule Makote alikuwa anakaa kutwa ameelekea barabara. Alisema mumewe, ambaye hapendi mbwa amsogelee anapokwenda msikitini, alimtengea mbwa bakuli lake na chungu cha mchanga cha kunawia mikono, akamjengea kibanda cha makuti, na kila jioni alikuwa anamwambia, "Vumilia, wenyewe wanakuja." Na maji, jamani! Maji ya ndoo, yanayopandishwa kwa baiskeli, ambayo mimi huwacheka nayo. Mbwa wangu aliyanywa hayo!

Mgeni alibaki kwangu. Nilikifungua chumba cha mama, nikatoa kitanda, nikamtandikia gunia. Nilimpikia, nilimwinua nyonga zilipokataa, nilimsafisha alipojichafua. Kazi ileile niliyoikimbia, nikaifanya yote. Nilichoka vilevile. Ila sikupumua ile pumzi tena, hata alipokwisha.

Alikwisha kipindi watu wanapuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho. Asubuhi nilimwita, "Mgeni wee," nikijaribu kuvuta sauti kama mama. Alifungua jicho lile zima. Hakuinuka. Nilikaa naye chini mpaka mwisho, na mara hii nililia kwanza.

Kisha nikafanya jambo ambalo sijui kama linafanywa. Nikapeleka taarifa kwa watani. Nilimpigia Baba Shaibu nikasema, "Tumefiwa. Ni Mgeni." Akasema, "Nimesikia, mama," akakata.

Alikuja peke yake, na jembe. Akaniuliza wapi, nikamwonyesha mkorosho ule ule wa nyuma, ule niliomdanganyia Esta. Akachimba. Kaburi ni kazi ya mtani kwetu, aliifanya bila haraka, na alichimba kina cha kutosha. Nami nilikuwa nasubiri neno, hata moja. Panya. Umande. Chochote. Alichimba mpaka akamaliza, akamfukia, akasawazisha udongo, hakutania hata kidogo. Wakati ule ndipo nilipohisi msiba wenyewe. Kufiwa bila mtani ni kufiwa kweli.

Akanawa mikono kwa mchanga, kisha kwa maji. Akaingia barazani kuchukua kofia yake. Kwenye msumari pale ukutani ilikuwa imening'inia ile kamba aliyoiacha siku ya arobaini. Akaitungua, akaikunja kiganjani.

"Hii naichukua," akasema.

"Ni kamba yako, Baba Shaibu."

"Ilikuwa yangu. Niliiacha hapa, ikawa ya nyumba hii. Sasa nimeiteka." Hakucheka. Alikuwa anatazama barabara. "Ukiitaka, njia unaijua."

Akaondoka.

Sasa ninyi mnaonisoma. Mmechoka, najua. Wengine mna mgonjwa ndani, wengine mmepewa mnyama au mtoto wa watu mkae naye kidogo, na hicho kidogo hakiishi. Ukishindwa, sema nimeshindwa, mchana kweupe, kwa aliyekukabidhi. Usingoje mila, wala ndugu, wala bahati ikuondolee mzigo huku wewe umefumba macho. Na kitu chako kikichukuliwa, hata kwa mchezo, kifuate siku ileile, miguu ikiwa bado na nguvu ya kukimbia.

Mimi nimechelewa. Nimeyaandika haya asubuhi, bodaboda wa kunipandisha Makote nimeshamwita. Jogoo nimemfunga miguu, ndiye mkubwa kuliko wote uani, na ananipigia kelele hapa kama vile ndiye mwenye kosa. Majirani wanachungulia. Wananiuliza, jogoo mzima, Mama Anjela, kwa kipande cha kamba?

Waache waulize. Nikikaribia kwa Baba Shaibu nitaanza kupiga kelele tangu barabarani.